Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kumtegemea Mola na Kutoiacha Kazi Njema Moyo Unapochoka

Maswali haya yanatoka katika darsa za Pemba, nyingi zikiwa za kina mama baada ya Alasiri, na mengine yameulizwa mabarazani na njiani. Wanaouliza ni wakulima wa mwani, wenye mikarafuu, wavuvi, walimu wa vyuo vya Qur'an na vijana waliomaliza skuli wakakaa nyumbani. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu hapo ndipo watu walipoumia zaidi.

Tawakali ni nini hasa?

Ni kufanya sehemu yako kwa ukamilifu, kisha kumkabidhi Mwenyezi Mungu kile kisichokuwa mikononi mwako, bila ya kumnung'unikia. Mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake: amfunge kisha atawakali, au amwache tu na atawakali? Akajibiwa amfunge, kisha atawakali. Hadithi hii ameipokea Tirmidhi. Na katika Sura Aal Imran, aya ya 159, Mtume anaamrishwa kwanza ashauriane na watu wake, kisha akishaazimia ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Mpango huo una maana. Ushauri na azma vimetangulia.

Kwa hiyo nahodha anayepakia chombo kupita uwezo wake, akasema "tutafika inshaallah", hajatawakali. Amehatarisha roho za watu akalitumia jina la Mungu kama kifuniko. Sisi wa Pemba tunalijua hilo kwa machungu tangu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama upande wa Nungwi ikiwa njiani kuja kwetu, imebeba watu wengi kuliko ilivyostahili. Mola awarehemu waliotangulia na awape subira waliobaki.

Kama riziki imeshaandikwa, kwa nini nijichoshe?

Kwa sababu kutoka kwako asubuhi nako kumeandikwa. Mtume (S.A.W.) alisema lau tungemtegemea Mungu ipasavyo angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege: hutoka asubuhi na matumbo matupu, hurudi jioni wameshiba. Angalia kuwa ndege katika hadithi hii hawakungojea kwenye viota. Bibi Maryam naye, akiwa na uchungu wa kuzaa na hana nguvu hata chembe, aliambiwa alitikise shina la mtende ndipo tende zimwangukie (Sura Maryam, aya ya 25). Mungu aliyeweza kumpa mtoto bila ya baba angeweza kumwangushia tende bila ya kuguswa mtende. Akamtaka atikise.

Wazee wetu walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Hawakusema atakula samaki wa aina gani, wala siku gani.

Nafunga mwani tangu sijaolewa. Bei iko pale pale, na siku hizi unakufa majini. Je, hii ni ishara kwamba Mungu hanitakii kazi hii?

Dada yangu, hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na halistahili kujibiwa kwa "subiri tu".

Tuyatazame mambo yenyewe kwanza. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, kikaenea hadi Pemba, na wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Tunalima aina mbili: spinosum, ambayo inavumilia lakini bei yake ni ndogo, na cottonii, ambayo ina bei nzuri zaidi lakini haistahamili maji yakipata moto. Wakati wa kaskazi maji ya kina kifupi yanapochemka kwa jua, matawi ya mwani hugeuka meupe, yakalainika, yakakatika. Sababu yake inajulikana: bahari imepata joto. Na bei nayo inapangwa mbali sana na Micheweni au Kisiwa Panza, kwa sababu mwani wetu unanunuliwa na viwanda vya nje vinavyotoa ndani yake ute wa kuzitia uzito dawa za meno, aiskrimu na vitu vya namna hiyo. Hata yule mnunuzi anayekuja na mizani pwani, naye bei ameipokea.

Nayataja haya kwa sababu nimewaona kina mama wakibeba lawama isiyokuwa yao. Mwani ukifa, mtu anaanza kujihesabia: labda nilimjibu vibaya mume wangu, labda sikutoa sadaka, labda Mungu amenichoka. Kutubu ni jambo jema kila siku, na asiwepo anayeliona dogo. Lakini usisome kila hasara kama hukumu iliyotolewa dhidi yako. Nabii Ayyub (A.S.) alipatwa na dhiki katika mwili wake na watu wake, na neno la Mola juu yake ni kwamba alimkuta ni mwenye kusubiri, mja mwema (Sura Sad, aya ya 44). Hakuambiwa kuwa alikosea mahali.

Pili, kusubiri hakumaanishi kurudia jambo lile lile pale pale huku unaona linakufa. Kuihamisha kamba uliyofungia mwani ni sehemu ya subira. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari pale Unguja, akiwemo Dkt. Flower Msuya, wamefanya kazi na wakulima kwa miaka mingi kujaribu cottonii kwenye maji ya kina kirefu kwa kutumia nyavu za mirija, na kuwafundisha kina mama kutengeneza sabuni na bidhaa nyengine ili wasiuze mwani mkavu peke yake. Njia hizo zina ugumu wake. Maji marefu yanataka chombo, yanataka kujua kuogelea, na wanawake wengi hawakufundishwa kuogelea utotoni. Basi mama anayejifunza kuogelea ukubwani, tena akiwa na watoto wa kulea, ili azifikie kamba zake, huyo ana tawakali kubwa kuliko mtu aliyekaa kivulini akiizungumzia.

Mkumbuke Bibi Hajar. Aliachwa bondeni na mtoto mchanga, maji yakaisha, akakimbia baina ya Safa na Marwa mara saba akitafuta mtu au maji. Kila akifika juu ya kilima haoni kitu. Na maji yalipokuja hayakutoka Safa wala Marwa. Yalitoka pale alipokuwa mtoto. Mbio zake zote hazikuyafikia maji, na bado mbio hizo Mwenyezi Mungu amezifanya ibada ambayo kila anayehiji lazima aipite. Mimi naona hapa kuna faraja kubwa kwa mtu aliyefanya kazi upande mmoja na akafunguliwa upande mwengine, au ambaye bado hajafunguliwa.

Sehemu yako katika mwani ni kuwahi bamvua (siku maji yanapokupwa sana), kufunga vizuri, kuuacha ukomae wiki zake sita bila ya kuuvuna mchanga kwa haraka ya pesa, na kuuanika pahali pasafi. Joto la bahari hukupewa wewe. Mvua inayonyesha ulipoanika hukupewa wewe. Bei ya dunia hukupewa wewe. Ukijihukumu kwa mambo ambayo hukukabidhiwa, hutamaliza mwaka moyo wako ungali mzima.

Nasomesha chuo. Watoto wanapungua, wazazi hawaleti hata ada, wengine wanapelekwa tuisheni. Niendelee?

Maalim, kwanza pokea shukrani, maana inawezekana hakuna aliyekupa.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) alionyeshwa umma mbalimbali. Akamwona nabii akija na kikundi kidogo, nabii mwengine ana mtu mmoja au wawili, na nabii mwengine hana hata mtu mmoja. Nabii, maalim, aliyetumwa na Mungu, anayepokea wahyi, na anakuja Siku ya Kiama peke yake. Hakufeli. Nabii Nuhu (A.S.) alikaa na watu wake miaka 950 (Sura Al-Ankabut, aya ya 14) na walioamini pamoja naye walikuwa wachache tu. Mtume wetu mwenyewe aliambiwa kwamba lililo juu yake ni kufikisha. Ikiwa wao hawakuulizwa idadi, nani amekupa wewe kazi ya kuuliza idadi kila jioni?

Hata hivyo sitaki jibu hili likufanye ukae vile vile. Kaa na wazazi mpangilie saa ambazo hazigongani na tuisheni. Mtoto aliyetoka skuli saa saba, akaenda tuisheni hadi Alasiri, akija kwako kichwa kimeshachoka. Mshirikishe sheha na imamu wa msikiti ili habari ya ada isiwe yako peke yako. Kupokea ujira kwa kufundisha Qur'an si aibu, katika Bukhari imo kauli ya Mtume (S.A.W.) kwamba kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira ni Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Mwalimu mwenye njaa akinyamaza kwa kuona haya, mwisho wake hufunga chuo, na wanaokosa ni watoto.

Na niseme jambo ambalo baadhi ya walimu wenzangu hawalipendi. Watoto wengine hawakuvutwa na tuisheni wala televisheni, wamekimbia bakora. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi, na alisimulia kuwa hakuambiwa hata "ah!". Kabla hatujasema kizazi hiki hakipendi dini, tuangalie tunawapokeaje mlangoni. Kudumu katika kazi ya uaminifu ni pamoja na kukubali kuibadilisha namna ya kuifanya.

Kisha fikiria hili. Mwaka 1912 alizaliwa Unguja mtoto ambaye baadaye alikuja kuitwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy, na mwaka 1969 tafsiri yake kamili ya Qur'an kwa Kiswahili ilichapishwa, ikasomwa Afrika Mashariki nzima. Kuna mtu alimfundisha alifu kwa kijiti. Mtu yule hakuwa na njia ya kujua kwamba yule mtoto aliyekaa mkekani mbele yake atawafikishia watu wote hao maana ya Qur'an kwa lugha yao. Wewe nawe hujui nani amekaa mkekani kwako leo, na huhitaji kujua ndipo umsahihishe makharija.

Wenzangu wanachanganya, wanapunja, na ndio wanaofanikiwa. Uaminifu wangu unanisaidia nini?

Swali hili huja zaidi msimu wa karafuu. Mtu amechuma, amechambua makonyo (vile vikonyo vya karafuu), amezianika hadi zikavunjika kwa kucha, kisha anamwona jirani yake anatia makonyo ndani ya gunia, au anapeleka karafuu ambazo hazijakauka ili ziongeze uzito. Na kwenye mwani ni hivyo hivyo: mchanga ndani, mwani mkavu juu.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta fungu la nafaka. Akatia mkono ndani, vidole vikarowa. Akamuuliza mwenye mali, akajibu kuwa imenyeshewa na mvua. Akamwambia: kwa nini usiiweke juu watu waione? Mwenye kughushi si katika mimi. Hadithi ameipokea Muslim, na kila nikiisikia naona kama imesemwa pale pale kwenye kituo cha kununulia karafuu. Na Nabii Shuaib (A.S.) alitumwa kwa watu ambao wito wake kwao, baada ya kumwabudu Mungu peke yake, ulikuwa juu ya kipimo na mizani. Walipomkatalia alisema kuwa hataki ila kutengeneza kadiri awezavyo, na kwamba hana tawfiki ila kwa Mwenyezi Mungu, kwake ametegemea na kwake anarejea (Sura Hud, aya ya 88). Tawakali katika aya hii imetamkwa na mtu aliyekuwa akipigania ratili na pishi.

Sasa nijibu ulilouliza. Uaminifu wako huenda usikupe bei kubwa zaidi mwaka huu. Nikikuahidi hivyo nitakuwa nakudanganya. Utakachopata kwa yakini ni mali ambayo ukila unakula halali, ukiitoa sadaka inapokelewa, na ukilala hulali unaogopa mkaguzi. Na kisiwa kizima kinakula kwa sababu yako: karafuu za Zanzibar zina jina duniani, na jina hilo linalindwa na watu wanaochambua makonyo yao ukumbini usiku kwa taa, hakuna anayewaona. Mchanganyaji anaishi kwa kutumia jina ambalo wewe umelijenga. Nalisema hili kwa uchungu, kwani ni dhulma, na ni haki yako kuona uchungu. Lakini ukimfuata, karafuu za wote wawili zitakuwa hazina jina.

Je, inawezekana nimepigwa jicho, au nimerogwa, ndiyo maana mambo yangu hayaendi?

Jicho ni kweli; Mtume (S.A.W.) amesema hivyo. Soma Qul a'udhu mbili na Qul huwa Llahu asubuhi na jioni, mara tatu tatu, wewe na watoto wako. Halafu rudi kwenye kazi. Usiende kwa mganga kutafuta jina la jirani, kwani utatoka huko umepoteza pesa, umepoteza jirani, na imani yako imeingia mashakani. Kamba zilizokatika nyingi zimekatwa na mawimbi.

Nimeomba dua miaka, sijajibiwa. Naanza kuchoka hata kuomba.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mja huendelea kujibiwa madhali hafanyi haraka, akasema "nimeomba, sikujibiwa", kisha akaacha. Na katika hadithi nyengine tumeelezwa kuwa mwenye kuomba, kama hakuomba dhambi wala kukata udugu, hupewa moja katika mambo matatu: hupewa alichoomba, au huwekewa kwa ajili ya Akhera, au huepushiwa shari mfano wake. Mambo mawili kati ya hayo matatu hayaonekani. Ndiyo maana mtu hudhani hajapata kitu.

Nabii Yaaqub (A.S.) alimpoteza Yusuf akiwa mtoto na akampata akiwa mtu mzima mwenye mamlaka Misri. Baina ya siku hizo mbili macho yake yaliingia weupe kwa huzuni. Na katikati ya hali hiyo, wala si baada ya kupona, ndipo alipowaambia wanawe waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake na wasikate tamaa na rehema ya Mungu (Sura Yusuf, aya ya 87). Mtu haoni vizuri, na ndiye anayewatuma wenye macho wakatafute.

Ukichoka kuomba kwa maneno marefu, omba kwa machache. Sema "Ya Rabbi" na usujudu. Hayo nayo ni dua.

Kulia na kuhuzunika ni upungufu wa imani?

Hapana. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi, akasema jicho linalia, moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Katika mwaka mmoja aliondokewa na mkewe Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, na alipokwenda Taif kutafuta wa kumsikiliza alirudishwa kwa mawe hadi miguu ikatoka damu. Huzuni hiyo haikupunguza daraja yake hata kidogo.

Lakini ipo hali nyengine ambayo huwa nawaomba watu waitofautishe. Ikiwa hulali wiki nzima, huli, huoni maana ya kuamka, au unapitiwa na fikra ya kujidhuru, usiambiwe "ongeza adhkari" tu ukaachwa. Mwambie mtu wa karibu leo, na nenda hospitali. Maradhi ya moyo na akili ni maradhi kama mengine, na tumeambiwa kuwa Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Kwenda kwa daktari na kusoma Qur'an havigombani.

Nimemaliza skuli, sina ajira. Mnaniambia nidumu kazini. Nidumu katika kazi gani?

Mwanangu, una haki ya kuuliza hivyo. Nikuelekeze kwa Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan. Hakuwa na kazi, hakuwa na nyumba, na nyuma yake kulikuwa na watu wanaotaka kumuua. Alipofika kisimani aliwaona wanawake wawili wamezuia wanyama wao, hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke. Akawanyweshea. Hakuomba malipo. Kisha akaenda kivulini, akasema: Mola wangu, hakika mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia (Sura Al-Qasas, aya ya 24). Haukupita muda, mmoja wa wale wanawake akaja kumwita, na kutoka hapo akapata ajira, mke na makazi.

Zingatia kwamba alikuwa anahitaji kila kitu na bado mkono wake ulikuwa unafaa mtu. Kijana anayetoka nyumbani asubuhi akamsaidia mzee wake kuchambua karafuu, akawafuata wavuvi wakienda dago (kambi ya uvuvi mbali na nyumbani), akajifunza ufundi kwa fundi wa mtaani bila ya kuangalia saa, huyo yuko kazini hata kama hana barua ya ajira. Na wazazi, mumwache kijana apumue. Kumwambia kila siku kuwa fulani ameshajenga hakumpi kazi, kunampa chuki.

Nina umri mkubwa. Kuna faida gani kupanda mikarafuu ambayo sitaiona ikizaa?

Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi ndipo uanze kuzaa vizuri, kwa hiyo hesabu yako ni sawa, mzee wangu. Sikiliza na hesabu nyengine.

Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika zaidi. Watu wakapanda huku kwa wingi, na kuanzia hapo kisiwa chetu kikawa ndicho mama wa karafuu za Zanzibar hadi leo. (Kazi nyingi ya mashamba yale ilifanywa na watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria hapa mwaka 1897 tu, na haifai tukaisifu mikarafuu tukayasahau majasho yao. Hakuna aliyewalipa, na Mola wao hakusahau.) Mti unaouchuma wewe, au aliouchuma baba yako akakusomesheni kwa pesa zake, umetokana na mikono ambayo mingi haikuonja faida yake.

Mtume (S.A.W.) amesema Kiama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijasimama, basi na aupande. Siijui hadithi inayonitikisa kuliko hii. Kiama kimefika, hakuna wa kuja kuchuma, hakuna soko, na bado anaambiwa apande. Na akasema pia kuwa Muislamu akipanda mti au kulima shamba, akala humo ndege, mtu au mnyama, huwa ni sadaka yake. Chukua mche, mzee. Mwite mjukuu akuchimbie shimo.

Nitajuaje kuwa sasa ni wakati wa kuacha, na si uvivu wala kukata tamaa?

Zipo kazi za kuachwa. Kazi ikiwa ni haramu, iache leo. Ikiwa inaiharibu afya yako au inakutenga na watoto wako kiasi cha kuwadhulumu, itazame upya. Ama ikiwa ni halali na inachosha tu, usikate shauri siku uliyopata hasara. Siku ile moyo unatoa hukumu kabla ya kusikiliza. Ngoja bamvua mbili zipite, shauriana na wawili watatu wanaoijua kazi na wanaomwogopa Mungu, kisha sali rakaa mbili za istikhara na usome dua yake. Usingojee ndoto, istikhara haikuahidi ndoto. Fanya ulilolielekea, na lililo kheri litawepesishwa.

Ukiamua kuacha, acha kwa heshima: lipa madeni, kabidhi kamba au watoto wa chuo kwa mwengine, usiwacheke wanaoendelea. Ukiacha hivyo hujamkosea Mola wako. Nawajua watu walioacha uvuvi wakawa walimu wazuri sana, na walioacha ualimu wakawa wakulima waaminifu.

Nimesoma yote haya na bado nimechoka. Nianzie wapi kesho?

Anza na kidogo. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Kesho funga kamba tano badala ya ishirini. Somesha watoto wanne waliokuja, uwasomeshe kama wamekuja arubaini. Kama jana ulipata hasara, usishinde ukisema "lau ningefanya hivi", Mtume (S.A.W.) ametukataza hilo, akatufundisha tuseme Mungu amekadiria, na alitakalo hulifanya. Katika hadithi hiyo hiyo, kabla ya maneno haya, ametuamrisha tulipupie linalotunufaisha, tumwombe Mungu msaada, wala tusijione hatuwezi.

Na kabla ya kutoka nyumbani soma dua ambayo Anas alimsikia Mtume (S.A.W.) akiisoma mara nyingi: Allahumma inni a'udhu bika minal hammi wal hazan, wal 'ajzi wal kasal, wal bukhli wal jubn, wa dhala'id dayni wa ghalabatir rijal. Ndani yake unajikinga kwa Mola na wasiwasi na huzuni, unyonge na uvivu, ubakhili na woga, uzito wa madeni na kuzidiwa nguvu na watu. Kwa mtu wa kisiwa hiki anayedaiwa dukani na kugombezwa na mnunuzi, sijui dua iliyomgusa zaidi pale panapouma. Kama hujaihifadhi, mwambie mtoto wako anayesoma chuoni akufundishe usiku huu.